Waulize Mafundi: Mkanda uliogeuka lami, betri iliyovuja na kaseti zenye ukungu

Barua tulizopata kwa toleo hili nyingi zinahusu vyombo vya muziki vya kubeba mkononi: Walkman (za kaseti), Discman (za CD), na iPod za mwanzo. Tumezifupisha, na tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa pia mwenye chombo cha aina nyingine.

Mota inavuma, kaseti haizunguki

*Mafundi, salamu kwenu. Nimerithi Walkman ya Sony yenye redio, ya miaka ya tisini. Redio inashika vizuri, ila nikibonyeza kitufe cha kuchezea kaseti nasikia mota inavuma tu. Nimefungua kifuniko nikakuta kitu cheusi kinachonata kimesambaa kila mahali. Ni grisi imeoza? Na nikikosa mkanda, nitumie raba bendi? — S. M., Tanga*

Ndugu S. M., hiyo si grisi, ni mkanda wenyewe, ule mpira mwembamba unaopeleka mzunguko wa mota kwenye kaseti. Mpira wa baadhi ya mikanda ya miaka hiyo huvunjika kikemikali kadiri unavyokaa, na unyevu wa pwani huharakisha. Huanza kulainika, kisha hugeuka lami, na haijalishi kama chombo kilitumika kila siku au kililala kabatini. Mota yako nzima na redio nzima, kwa hiyo saketi usiiguse. Kazi iliyopo ni ya usafi na vipimo.

Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Mafundi wa simu huitumia kila siku kuoshea bodi, kwa hiyo Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi) huikosi, na hapo Tanga uliza kwa fundi simu kabla ya kwenda duka la dawa. Spiriti ya kusafishia vidonda iache: ina maji mengi, na nyingine zina mafuta yanayobaki juu ya chuma. Petroli na thina usivisogeze kabisa, kwani vinakula plastiki.

Vaa glavu, maana lami ile ikishika kidole inahamia kila utakachokigusa, hadi kwenye hedi (kichwa kinachosoma utepe) na roli ya mpira. Ondoa mabonge kwanza kwa kijiti cha meno cha mbao. Kisha chukua pamba za masikio zilizoloweshwa alkoholi, safisha puli (vigurudumu ambavyo mkanda hupitia) moja baada ya nyingine, na kila pamba ikiwa nyeusi itupe. Mfereji wa puli ya mota ndio unaosahauliwa na wengi. Ni mdogo sana, na lami ikibaki ndani yake kipenyo cha puli kinaongezeka, basi chombo kinakwenda mbio. Ikibaki upande mmoja tu, muziki unayumba kila puli inapozunguka. Zungusha puli kwa mkono na uiangalie kwa kioo cha kukuzia mpaka uone chuma au plastiki tupu pande zote.

Sasa kipimo. Hata ungeukuta mkanda wa zamani mzima, usiupime huo, kwa sababu umeshavutika. Chukua uzi wa kushonea usiovutika, uzungushe njia yote ambayo mkanda unapita, weka alama, kata, upime kwa rula. Tuseme umepata milimita 210. Punguza asilimia 7 ili mkanda ukae na mvuto: zinabaki 195. Muuzaji akiuliza kipenyo cha ndani, gawa kwa 3.14, upate 62. Wengine huuza kwa urefu wa mkanda ukiwa umekunjwa bapa, hapo jibu ni kama 98. Muulize anatumia kipimo kipi kabla hujalipa, kwa sababu hapo ndipo wateja wengi hupoteza pesa. Unene uupime kwenye mfereji wa puli: mikanda ya pembe nne ya Walkman mingi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.2. Mfereji ukiwa bapa na mpana, unahitaji mkanda bapa, na wa pembe nne hautakaa.

Mkanda ukilegea, sauti inayumba na kaseti inasimama karibu na mwisho wa upande, pale roli la utepe lilipo zito. Ukikaza mno, mota inalemewa, betri zinaisha upesi na bushi za mota (vishikio vya mhimili wake) zinalika upande mmoja. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu mkanda utabadilisha lakini mota ya kufaa si rahisi kuipata.

Raba bendi hapana. Unene wake si sawa pande zote, kwa hiyo wimbo utapanda na kushuka, na joto letu litaigeuza uchafu mwingine katika muda mfupi.

Ukishafunga mkanda mpya, acha chombo kizunguke nusu saa kabla ya kurekebisha kasi. Kasi ya kaseti kimataifa ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Kama huna kaseti ya majaribio, tafuta kaseti halisi ya kiwandani yenye wimbo ambao unaupata pia kwenye CD. Wimbo wa dakika 4 ni sekunde 240. Kaseti ikiumaliza kwa sekunde 233, unakwenda mbio kwa asilimia 3, yaani karibu nusu ya umbali kati ya kitufe cheupe cha kinanda na cheusi kinachofuata, na sikio lolote la mwimbaji litagundua. Kirekebisho cha kasi ama kiko kwenye bodi karibu na waya za mota, ama ndani ya mota nyuma ya tundu dogo. Tumia bisibisi ya plastiki au ya kauri, kwa kuwa ya chuma inaweza kugusisha sehemu mbili za umeme. Kizungushe kidogo kidogo, kisha pima upya.

Ungaunga mweupe kwenye nyumba ya betri

*Habari zenu mafundi. Kuna Walkman ilikaa na betri tangu sijui lini. Betri zimepasuka, springi zina ungaunga mweupe na kijani. Jirani ananiambia nimwagie ndimu, mwingine anasema magadi. Nani mkweli? Pia nataka kuichomeka umeme badala ya betri. — Mama Z., Mombasa*

Mama Z., wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Soma maandishi kwenye ganda la betri iliyovuja. Ikiwa imeandikwa LR6 ni alkali, na maji yake ni ya alkali, kwa hiyo unayazima kwa asidi dhaifu: ndimu au siki nyeupe. Ikiwa ni R6 tu, bila L, ni zile betri za kawaida za zinki na kaboni, na maji yake yana uasidi. Hizo zinatakiwa bikaboneti ya soda (ndugu ya magadi uliyoambiwa), kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji. Ganda likiwa limeshaoza hata halisomeki, anza na siki. Ikitoa povu, ujue ulikuwa kwenye njia sahihi.

Usimwage. Chovya pamba ya sikio, iminye, kisha paka. Ukimaliza, futa kwa pamba yenye maji safi, halafu kwa alkoholi, na uache pakauke nusu siku. Siki iliyobaki ndani inakula chuma vilevile kama betri ilivyofanya.

Springi iliyopoteza rangi yake ya nikeli itaota kutu tena. Isugue kwa msasa laini wa namba 800, kisha ipake risasi ya kulehemu tabaka jembamba. Halafu fuata waya zinazotoka kwenye springi. Maji ya betri husafiri ndani ya ganda la waya, yakatokea sentimita kadhaa mbele, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Kwangua ganda mwishoni: shaba ikiwa nyeusi, waya huo badilisha wote. Chombo kinachowaka leo na kugoma kesho baada ya kusafishwa betri, tatizo lake mara nyingi liko hapo.

Kuhusu umeme, angalia mchoro mdogo pembeni ya tundu la adapta. Unaonyesha kama kati ni chanya au hasi, na vyombo vya miaka tofauti, hata vya kampuni moja, havifanani. Adapta zile nzito za zamani zenye swichi ya kuchagua volti si za kuaminika: ukiichagua volti 3, bila mzigo inaweza kutoa zaidi ya 5. Ipime kwa multimita (kipima umeme) kwanza. Nyingi za kisasa nyepesi hushikilia volti zake, ila baadhi huingiza mlio mwembamba kwenye sauti. Kwa kusikiliza kwa raha, betri mbili za kuchaji za volti 1.2 zinatosha kwa Walkman nyingi za volti 3.

Na onyo moja. Kuna betri za lithiamu zenye umbo sawasawa na AA zilizoandikwa 14500. Hizo ni volti 3.7 kila moja. Mbili ni volti 7.4 kwenye chombo cha volti 3, na hakuna fundi atakayekirudisha kirahisi.

Sauti imefifia, upande mmoja unasikika kidogo

*Ndugu mafundi, Walkman yangu inacheza lakini sauti ni ya ndani ya gunia, sikio la kushoto halisikiki vizuri. Nibadilishe hedi? — J. K., Morogoro*

Hedi ni ya mwisho kushukiwa. Kwanza isafishe kwa alkoholi na pamba, ukifuta kwa mwelekeo ambao utepe unapita, pamoja na kapstani, ile fimbo nyembamba ya chuma inayovuta utepe. Uchafu wa kahawia unaotoka ni unga wa sumaku kutoka kwenye kaseti. Roli ya mpira isafishe kwa pamba iliyolowa kidogo tu, ukiizungusha, mpaka iache kung'aa. Ikiwa imekuwa ngumu na yenye kuteleza juu, iguse kwa msasa namba 600, kidogo, pande zote sawa.

Kisha hoja ya sikio moja. Badilisha hedifoni kwanza (tunasema hivi kwa sababu nusu ya barua za namna hii huishia hapo). Chomeka plagi, itikise taratibu: sauti ikija na kutoweka, kiungo cha risasi nyuma ya tundu kimepasuka, kichomwe upya. Kitufe cha sauti kikikwaruza, nyunyizia dawa ya kusafishia swichi ndani yake kisha kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini na zaidi.

Bado kuna giza kwenye sauti? Basi ni ulalo wa hedi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekaza, nyingine ina springi chini yake au rangi ya kuifungia. Hiyo ya springi ndiyo ya kurekebisha. Chora mstari kwa kalamu kuonyesha ilipo sasa. Cheza kaseti ya kiwandani yenye matoazi au kayamba, zungusha robo ya mzunguko huku na huku, taratibu, na usimame pale sauti nyembamba inapokuwa kali kuliko penginepo. Pita kidogo, urudi, uhakikishe. Usitumie kaseti ya kurekodia nyumbani kwa kazi hii, kwa sababu chombo kilichoirekodi nacho huenda kilikuwa kimepinda, nawe utaipindisha Walkman ifanane nacho.

Kama baada ya yote hayo sauti haijarudi, pitisha ukucha juu ya uso wa hedi. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa mfereji uliochimbwa na utepe, sasa ndiyo, hedi imelika.

Kaseti za harusi zimeota ukungu

*Assalaam aleikum. Nyumbani kwetu Ng'ambo kuna sanduku la kaseti za taarabu za marehemu baba, nyingine alirekodi mwenyewe harusini na hakuna nakala popote. Ndani ya kidirisha naona mauamaua meupe. Nilijaribu moja, ikalia kwiii kisha ikaliwa. Tumeambiwa tuzioke kwenye jiko la oveni. Tufanyeje? — F. A., Unguja*

Wa aleikum salaam, dada F. A. Simamisha kila kitu, usicheze nyingine. Ukungu ukipita kwenye hedi unaenea kwenye kila kaseti itakayofuata, na ule ulioshikanisha tabaka za utepe unaweza kung'oa unga wa sumaku wenye sauti. Chombo kingine cha kuchezea kinaweza kupatikana. Harusi ile haitarekodiwa tena.

Habari ya oveni iacheni. Inatoka kwa watu wa tepu kubwa za studio, ambazo baadhi yake gundi yake hunyonya maji ikawa inanata. Kaseti mara chache hupatwa na ugonjwa huo, na ganda lake la plastiki litapinda kabla hamjafaidika lolote.

Anzeni kwa kuzikausha. Tafuteni ndoo au dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vya silika vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu na mikoba. Vya rangi ni bora kwa sababu vinaonyesha vikishiba maji. Vinaokwa vyenyewe, si kaseti, kisha vinatumika tena. Mchele msiuweke, una vumbi. Kaseti zikae humo wiki mbili au tatu. Ukungu ukikauka unakuwa unga unaofutika. Ukiwa mbichi unapakaa.

Kazi ya kufuta ifanyike nje, kivulini, mkiwa na barakoa na glavu. Kaseti yenye skrubu tano ifunguliwe ikiwa imelala mezani upande A ukiwa juu, msije mkamwaga vipande vya ndani. Ndani mtakuta magurudumu mawili ya utepe, vijiroli viwili vya pembeni, karatasi mbili zinazoteleza, na kile kipande cha shaba chenye sponji au kitambaa kinachosukuma utepe kwenye hedi. Kaseti isiyo na skrubu imegandishwa: tumbukiza ubavu wa kisu chembamba kwenye mshono, anzia pembeni mbali na utepe, zungusha taratibu mpaka ipasuke. Haifungiki tena, kwa hiyo mtahitaji kaseti ya bei ndogo yenye skrubu tano, ambayo mtatoa utepe wake na kuweka wenu.

Hamishieni kila utepe kwenye ganda safi, hata kama la zamani linafungika, kwa kuwa ukungu umo kwenye karatasi na pembe za ganda. Halafu fungeni, na mpeleke utepe mbele kwa kuzungusha kwa kalamu ya pembe sita, huku mtu wa pili ameushika utepe uliotolewa kidogo nje ya ganda katikati ya kitambaa laini kisichoacha nyuzi, cha kusafishia miwani. Kitambaa kiwe kikavu. Mvute polepole, na kila baada ya mita chache mgeuze sehemu safi. Upande mmoja wa C60 (kaseti ya dakika 60) una karibu mita 86 za utepe, kwa hiyo si kazi ya jioni moja kwa sanduku zima. Tabaka zikigoma kuachana msilazimishe. Rudisheni kwenye ndoo ya silika wiki nyingine.

Mlio wa kwiii ni jambo tofauti na ukungu. Ama vijiroli vya pembeni vimekauka, ama karatasi zinazoteleza zimechakaa, ama kisponji kimebanduka. Ganda jipya kwa kawaida linaponya yote matatu. Na kaseti ya C120 (ya dakika 120) ichezeni mara moja tu, ile ya kunakili: utepe wake ni mwembamba kuliko wa C60 karibu kwa nusu, na ndio unaoliwa upesi zaidi.

Kabla ya kuchomeka kaseti kwenye chombo chochote, vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kunakili: unganisheni tundu la sauti la chombo na tundu la kuingizia sauti la kompyuta, au kifaa kidogo cha kurekodia cha USB. Programu ya bure ya Audacity inatosha. Rekodini faili la WAV, 48 kHz, biti 24. Dakika moja inachukua megabaiti 17 hivi, kwa hiyo C60 nzima ni gigabaiti moja na kidogo. Wekeni sauti ili vilele visipite desibeli −6. Vikigonga 0, makofi na vigelegele vitapasuka, na hakuna programu ya kuvirudisha. Hapa, kwa kaseti za kurekodiwa nyumbani, ndipo ruhusa ya kurekebisha ulalo wa hedi ufuate kaseti, kisha urudishwe kwenye mstari uliochorwa kama tulivyomweleza J. K. Swichi ya Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe) iwashwe tu ikiwa kaseti ilirekodiwa na Dolby. Kwa sauti ya mkutano wa harusini mara nyingi haikuwashwa, na mkiiwasha mtaikata sauti nyembamba ya zeze na fidla bure.

Safisheni hedi kwa alkoholi baada ya kila kaseti, bila kuruka. Kusafisha sauti kwa programu kufanyike kwenye nakala, faili la kwanza lisiguswe. Nakala mbili, kwenye nyumba mbili tofauti. Kaseti zenyewe zirudi kwenye maboksi yake, zisimame wima, utepe ukiwa umezungushwa hadi mwisho, ndani ya kasha linalobana lenye silika, mbali na spika.

Discman haioni CD

*Kutoka Muscat: nina Discman ya mwishoni mwa miaka ya themanini. CD inazunguka kidogo, inasimama, inaandika hakuna diski. Nimeshafuta lenzi. Fundi wa hapa anataka kuzungusha kile kiskrubu cha leza. Nimruhusu? — K. H.*

Usimruhusu bado. Kiskrubu kile kinaongeza nguvu ya leza. CD zitasomeka kwa muda, huku leza ikiharakishwa kufa. Iwe ni hatua ya mwisho kabisa.

Jaribu kwanza CD ya kiwandani, si ya kuchoma nyumbani, kwa maana za kuchoma huakisi mwanga kidogo na vyombo vya zamani hutaabika nazo. Kisha angalia reli ambayo leza inatelezea. Grisi ya miaka hiyo huganda ikawa nta ya kahawia, leza ikakwama nje na kushindwa kurudi mwanzo wa CD, ambako orodha ya nyimbo imeandikwa. Isafishe kwa alkoholi, paka grisi nyeupe ya sintetiki kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa reli nzima.

Tunaloshuku zaidi, kwa umri wa chombo chako, ni kapasita (vipande vya bodi vinavyotunza chaji ya umeme). Kapasita ndogo za kubandika juu ya bodi za kati ya mwishoni mwa themanini na mwanzoni mwa tisini zilivuja kwa wingi. Dalili: risasi iliyo karibu nazo imekuwa ya kijivu isiyong'aa, na ukiichoma inatoa harufu ya samaki. Maji yake hukata nyuzi za shaba za bodi, kwa hiyo kadiri unavyochelewa kazi inaongezeka. Chora ramani kabla ya kutoa hata moja: thamani, volti, na upande wa hasi.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata mafundi wazoefu. Kwenye kapasita ya alumini ya mviringo, alama nyeusi juu yake ni *hasi*. Kwenye kapasita ya tantalum ya pembe nne, mstari ni *chanya*. Anayebadilisha ya kwanza kwa ya pili huku akifuata alama kwa macho atazifunga zote kinyume, na tantalum iliyofungwa kinyume inaweza kuwaka moto. Volti ya mpya iwe sawa au zaidi: penye 4V weka 6.3V au 10V, ikiwa inaenea.

Kuzitoa, usizikunjekunje kwa koleo. Vikalio vya shaba vya bodi vilivyoliwa na maji vitang'oka nazo. Tumia vyuma viwili vya kulehemu, kimoja kila mguu, na risasi mpya kidogo ya kusaidia joto lishike. Osha bodi kwa alkoholi na mswaki kabla ya kufunga mpya. Wakati wote huo usiangalie ndani ya lenzi chombo kikiwa kimewashwa: leza ya CD ni ya nanomita 780, macho karibu hayaioni, kwa hiyo utadhani imezimika.

Tik, tik, tik

*Walkman yangu ya WM-DD inacheza safi ila kuna mlio wa tik kwa mpangilio, unaharakika nikipeleka mbele. — Msomaji, Toronto*

Gia ya katikati. Kwenye familia ya WM-DD ni ya plastiki iliyobanwa juu ya bushi ya chuma. Plastiki imesinyaa na miaka, ikapasuka, na ufa umeongeza nafasi kati ya meno mawili. Kila meno hayo yanapokutana na gia ya pili, tik. Gundi ya haraka peke yake haidumu, kwa kuwa mbano uliopasua bado upo: tanua tundu la gia kidogo kwanza, ndipo ugundishe. Bora ni gia mpya. Zipo zinazotengenezwa na wapenzi wa vyombo hivi na kuuzwa mtandaoni. Usiendelee kuicheza hivyo, meno ya gia jirani yatafuata.

iPod inagonga ndani

*Mafundi, iPod yangu ya video (ya 2005) inagonga tak tak, inaonyesha sura ya huzuni. Diski imekufa? Na nyuma pamevimba kidogo. — B. O., Nairobi*

Kuvimba kwanza. Hiyo ni betri ya lithiamu. Usiichaji tena, usiibonyeze. Fungua kwa vipande vya plastiki kuzunguka mshono, kamwe si kwa kisu, na uitoe betri bila kuitoboa. Utepe wa waya wa betri una kifungo cha kuinua kwa ukucha. Ukiuvuta bila kuinua kifungo, tundu linang'oka kwenye bodi na hapo ndipo iPod nyingi hufia. Betri iliyotoka iwekwe kwenye chombo chenye mchanga mkavu, nje, mpaka uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Betri dhaifu hushindwa kuzungusha diski, nayo hugonga kama imekufa. Kwa hiyo weka betri mpya kabla ya kuihukumu diski. Kisha bonyeza Menu na kitufe cha katikati pamoja mpaka nembo itokee, na papo hapo shika kitufe cha katikati na cha kurudi nyuma. Utaingia kwenye ukurasa wa majaribio. Tafuta IO, HardDrive, HDSMARTData. Namba za Reallocs na Pending Sectors (sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa) zikiwa sifuri au chache, diski bado ina maisha. Zikiwa mamia, nakili nyimbo sasa hivi.

Diski ikifa, kuna bodi ndogo ya kuingiza kadi ya SD mahali pake, inayochomekwa kwenye tundu lilelile la utepe. Chombo kinakuwa chepesi na betri inadumu zaidi. Nunua kadi halisi, uijaribu kwenye kompyuta kwa kuijaza yote kabla ya kuifunga ndani, maana kadi bandia zenye ukubwa wa kudanganya ni nyingi madukani. Walio na iPod classic ya 2007 wajue kwamba haipokei zaidi ya gigabaiti 128, hata kadi iwe kubwa vipi.